Beringi ya Kushoto

Máze, 9 Oktoba 1983

Mdogo wangu Jovnna,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za mbwa. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, jana ikayeyuka, leo tunatembea kwenye matope. Mimi mzima, ila goti la kulia siku hizi linatangaza hali ya hewa kabla ya redio. Shemeji yako Heaika ni mzima kuanzia utosini mpaka kifundo cha mguu wa kushoto. Kutoka hapo kwenda chini unajua mwenyewe alichobakiza. Anakaa dirishani kutwa akichonga vijiko ambavyo hatuna supu ya kuvitosha, na safari yake ndefu kuliko zote ni kwenda banda la kuni na kurudi. Gáren wa jirani ameolewa tena, mara ya tatu hiyo, na safari hii kapata mume anayejua kupika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita tulikuwa zizini kutenganisha makundi ya kulungu wa kufugwa. Ántte, yule mtoto wa kaka yake Heaika ambaye ametuchungia kulungu wetu tangu Heaika aumie, alikuja jikoni kwangu, akala nyama yangu, akalamba vidole, kisha akasema: "Mama mdogo, mwakani sitawapeleka tena wa kwenu kwenye malisho ya kiangazi huko pwani kama hakuna mtu wa nyumba hii anayekwenda nao. Afadhali ndama wawe wanakatwa alama yangu, mambo yaishe."

Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Lakini Jovnna, ile alama ya masikio ya kulungu wetu nilipewa na baba kabla sijajua kusoma. Siiachi ife kwa sababu ya kijana mwenye mafuta mdomoni. Nikamwambia mwezi wa nne nitakwenda pwani mwenyewe, juu ya skuta yetu ya theluji. Akaangalia dari.

Skuta yenyewe ni ile ile ya Heaika. Iko bandani tangu siku ilipokokotwa kurudi nyumbani, haijaguswa na mtu. Injini ilikubali kuwaka jana, nikapiga kelele ya furaha, lakini ule mkanda mpana wa chini unaoisukuma juu ya theluji hauendi. Kuna kitu kimekwama chini, upande wa kushoto. Heaika hataki hata kulisikia jina la mashine hiyo, kwa hiyo nimebaki na wewe. Niandikie cha kufanya, taratibu, kama unamwelekeza mtu anayejua kushona ngozi na hajui spana. Na usipige simu. Simu iko dukani, na dukani kuna masikio kuliko kanisani.

Dada yako,
Rávdná

*

Bergen, 17 Oktoba 1983

Dada Rávdná, shikamoo,

Barua yako imenikuta nimelowa. Hapa mvua imenyesha siku ishirini na tatu mfululizo. Jana jua lilitoka, watu wakaitana madirishani, likaona aibu likarudi ndani. Mimi sijambo. Karakana ya mabasi bado inanihitaji, na mama mwenye nyumba bado ananilisha samaki siku sita za wiki. Siku ya saba ni mikate ya samaki.

Umenifurahisha kweli kweli na habari ya kuendesha mwenyewe. Ántte na dari yake wasubiri.

Sikiliza sasa. Chini ya skuta, mbele, kuna shafti inayopita kutoka kulia kwenda kushoto. Hiyo ndiyo inayouzungusha mkanda. Upande wa kulia imeingia ndani ya boksi la cheni, inaoga oili, haina shida na mtu. Upande wa kushoto imekalia beringi iliyo peke yake, inayopigwa na theluji, maji na kila uchafu wa njiani. Huyo ndiye mnyonge wa familia, na ndiye aliyekwama.

Inyanyue skuta nyuma, uitegemeze kwa gogo mpaka mkanda uning'inie. Mwagia beringi mafuta ya taa, iache siku mbili. Kisha shika mkanda kwa mikono miwili, utikise mbele na nyuma. Usitumie nyundo hata hasira ikikupanda, nakujua. Ikianza kuzunguka, futa ile chuchu ya grisi kwa kitambaa kikavu, maana ukipiga grisi juu ya mchanga unaulisha mchanga ndani. Bandika bomba la grisi, piga polepole, huku mkono wa pili unazungusha mkanda. Kwanza itatoka takataka nyeusi, au nyeupe kama uji ikiwa maji yaliingia. Endelea. Ukiona grisi safi inachungulia pembeni, acha papo hapo. Ukiongeza kwa moyo wa ukarimu, kama unavyomwongezea mgeni chakula, utaifyatua ile sili ya raba inayozuia maji, na hapo kazi yote ni bure.

Halafu chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye beringi, mpini uweke sikioni, mtu mwingine azungushe mkanda. Ikivuma kwa upole, vizuri. Ikisagika kama mtu anayetafuna changarawe, basi inakufa, na usitoke nayo nje ya kijiji mpaka tuibadilishe.

Niambie pia utapeleka kulungu wangapi, nijue utakokota mzigo gani wa chakula chao.

Wasalimie wote,
Jovnna

*

Máze, 4 Desemba 1983

Mdogo wangu,

Salamu zako kwa "wote" zimefika. Wote wamezipokea, na mmoja wao, yule wa dirishani, aliuliza kama jina lake limekuwa gumu kuandika. Nilimwambia kalamu ilikuwa inaisha wino. Theluji sasa iko magotini na jua limetuaga mpaka mwakani. Mbwa wetu Runne amezeeka puani, lakini bado anaiba samaki kwa ufundi ule ule. Mume wa Gáren ametupikia supu ya viazi, tukawa na kazi ya vijiko hatimaye.

Kabla sijaendelea: hivi wewe unaniuliza mimi nina kulungu wangapi? Wewe, mtoto wa Máze? Miaka minne tu ya mvua imekuosha adabu yote! Mtu anauliza habari za kuwinda, za maziwa, za nani kaoa nani. Idadi ya kulungu wa mwenzake hamuulizi hata akiwa amelewa, seuze kwa barua inayopita mikononi mwa posta nzima. Mama angekufuata huko huko Bergen na mwiko. Ukitaka kujua, wapo upande huu wa mti na upande ule wa mti. Jaza mwenyewe.

Haya, nimekusamehe. Mafuta ya taa yalifanya kazi. Siku ya tatu mkanda ulisogea kidogo, siku ya nne ukazunguka, nikamkumbatia mbwa. Nilipiga grisi kama ulivyosema. Ulitoka uji mweupe, halafu uji wa kahawia, halafu kutu tupu, mwishowe grisi. Nilimwomba Heaika aje azungushe mkanda nami nisikilize kwa bisibisi. Akasema ana kijiko cha kumalizia. Akaja mume wa Gáren, na aproni yake. Inasagika, Jovnna. Changarawe tupu. Kwa hiyo nazunguka kijijini tu, najifunza kona, na watoto wa shule wananipigia makofi.

Ila kuna kitu sikielewi. Nilifungua boksi la cheni upande wa kulia, kwa udadisi tu. Oili yake ni safi, ya rangi ya asali, mtu aliyeibadilisha aliibadilisha kwa mapenzi. Kushoto ni kutu mpaka moyoni. Inakuwaje mashine moja itunzwe upande mmoja? Wewe ndiye uliyeiandaa vuli ile kabla hujaondoka. Unakumbuka nani aliipiga grisi beringi ya kushoto kwa mara ya mwisho?

Nilimuuliza Heaika. Akageukia dirisha, na huko nje giza lilikuwa limeshaingia, hakuna cha kuangalia.

Rávdná

*

Máze, 22 Januari 1984

Mdogo wangu Jovnna, ikiwa bado unaishi,

Wiki saba sijapata hata kadi ya Krismasi. Nasema posta imechelewa, ingawa kadi ya miadi kutoka kwa daktari wa meno wa Alta imefika bila shida. Sisi wazima. Jua lilichungulia juu ya mlima wiki hii, dakika chache tu, tukatoka wote kulitazama, isipokuwa unayemjua.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya upumbavu, na afadhali uusikie kwangu kuliko kwa Gáren.

Wiki mbili zilizopita baridi ilifika digrii thelathini na nane chini ya sifuri. Grisi niliyokuwa nayo ilikuwa ya gari la shamba, ikaganda kwenye bomba, haitoki hata kwa maombi. Na dukani hakuna nyingine. Nikakaa jikoni nikafikiri. Nikamkumbuka mama: viatu, hatamu, mikanda, vyote alivipaka uboho wa mifupa ya miguu ya kulungu, ile ya chini karibu na kwato, kwa sababu mafuta yake hayagandi hata baridi iwe namna gani. Nikasema, sasa kama mguu wa kulungu unasimama kwenye theluji majira yote ya baridi na haugandi, beringi ina nini cha kujivunia? Nikachemsha mifupa kumi na sita, nikakamua uboho, nikaujaza kwenye bomba, nikaupiga. Ukaingia kama siagi. Jovnna, siku mbili nilikuwa malkia! Mkanda ulikuwa unateleza bila sauti. Nilipita mbele ya nyumba ya Ántte mara tatu bila sababu.

Siku ya tatu nilikwenda dukani. Nikaona Runne ananifuata kwa bidii isiyo yake. Kisha mbwa wa Gáren. Kisha mbwa wa mchungaji wa kanisa. Nilipofika kwenye njia panda nilikuwa na mbwa tisa nyuma yangu, na mmoja amepanda kwenye ubao wa kuwekea mguu, analamba. Nilipoingia dukani kununua sukari waliingia chini ya skuta wote kwa pamoja. Nilipotoka, mbwa wa mchungaji alikuwa amekaa pembeni anatafuna sili yako ya raba, amefumba macho kwa utamu.

Sasa skuta yangu inaitwa "sufuria". Ántte alikuja kunipa pole, akashindwa, akarudi nje kucheka. Alipomaliza akasema, "Mama mdogo, bado kuna muda wa kubadilisha mawazo." Hilo ndilo lililoniuma, mbwa sikuwajali.

Nakuomba unijibu. Nimebakiwa na miezi mitatu, beringi haina sili, na swali langu la Desemba bado liko mezani.

Rávdná

*

Bergen, 11 Februari 1984

Dada yangu,

Nisamehe kwa ukimya. Kazi zilikuwa nyingi, mabasi yanaoza na chumvi ya barabarani. Naendelea vizuri. Nimehamia chumba cha juu, ambako mvua naisikia kabla ya wenzangu.

Barua yako niliisomea karakana wakati wa chai. Fundi mkuu, mzee ambaye hajacheka tangu nilipoajiriwa, alilazimika kutoka nje. Sasa wote wanaulizia hali ya mbwa wa mchungaji.

Wazo lako halikuwa baya, ulikosea nusu tu. Ni kweli uboho wa miguu haugandi. Lakini beringi ina maadui wawili, baridi na msuguano. Shafti ikizunguka inapata joto, na mafuta ya mama yanakuwa maji, yanatoka, yanawalisha mbwa. Kiatu hakizunguki mara elfu kwa dakika. Grisi ya baridi inakaa laini kwenye theluji na bado haikimbii kwenye joto. Ndiyo maana kuna watu wanaitengeneza kwa kazi hiyo.

Kwenye kifurushi hiki kuna beringi mbili mpya, moja ya kufunga na moja ya akiba, sili nne, na mirija kumi na minane ya grisi ya baridi. Kubadilisha si kazi ngumu. Pembeni mwa beringi kuna pete ya kufungia yenye skrubu ndogo. Legeza skrubu, igonge pete kinyume na mzunguko wa shafti, itaachia. Toa boliti tatu, vuta beringi ya zamani, safisha shafti mpaka uione sura yako, ingiza mpya. Pete uirudishe kwa kuigonga kuelekea upande shafti inakozungukia wakati skuta inakwenda mbele. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kisha kaza skrubu.

Baada ya hapo, piga grisi kila ukitoka kwenye theluji yenye maji, pampu mbili tatu, ingali na joto, ili maji yatoke kabla hayajaganda humo ndani. Ukifika nyumbani usikimbilie kahawa. Beringi kwanza, kahawa baadaye. Hili ulishike kuliko yote, dada. Usimwamini mtu akikuambia imeshapigwa. Angalia mwenyewe.

Wasalimie wote,
Jovnna

*

Máze, 3 Machi 1984

Jovnna,

Wazima wote, hewa nzuri, mbwa wanene. Kifurushi kimefika. Nimefunga beringi mpya mwenyewe, kwa mikono hii, kwa muda wa saa tatu na nusu pamoja na kulia mara moja. Inavuma kwa upole. Nilisikiliza kwa bisibisi mpaka sikio likaota alama. Asante sana, mdogo wangu, asante kutoka moyoni.

Lakini sasa niache kucheka. Mirija kumi na minane ya grisi inatosha meli. Mtu hamtumii dada yake grisi ya meli bila sababu. Umeandika kurasa mbili, ukanifundisha hata kahawa ninywe saa ngapi, na swali moja nililokuuliza hukuligusa. Miaka minne hujaja nyumbani, hata tulipomzika shangazi. Miaka minne hujawahi kuniuliza mguu wa Heaika unaendeleaje. Jina lake huliandiki. Ulikuwa unampenda mtu huyu kuliko ulivyonipenda mimi, mlikuwa mnavua pamoja mpaka mnasahau kula.

Sikukasirikii. Nataka kujua tu. Mwezi ujao nitapanda juu ya mashine hii na kwenda siku sita juu ya barafu, na nyumba yangu yote inaning'inia kwenye hiyo beringi. Nina haki ya kujua historia yake.

Rávdná

*

Bergen, 2 Aprili 1984

Dada,

Leo sina habari za mvua.

Siku ile niliyoondoka, basi lilikuwa linatoka saa nane mchana. Tangu asubuhi nilikuwa bandani na skuta ya shemeji. Nilibadilisha oili ya boksi la cheni, nikasafisha plagi, nikakaza mkanda. Ikabaki chuchu ya kushoto. Bomba likaishiwa grisi mkononi. Mrija mpya ulikuwa dukani, na basi lilikuwa limeshasimama pale pale dukani, linaunguruma. Nikapanguza mikono. Nikampiga shemeji begani, nikamwambia, "Tayari, hii itakufikisha hata Urusi." Akacheka. Nikaondoka.

Nilijiambia nitaandika kadi kumkumbusha. Sikuandika. Kisha Februari ikaja barua yako kwamba skuta ilimkwamia ziwani, kwamba chini ya theluji kulikuwa na maji juu ya barafu, kwamba alitembea kilomita ishirini na kiatu kimejaa maji, kwamba daktari alikata. Uliandika "beringi ilishika". Ulikuwa hujui maana ya neno hilo, ulilinakili tu kutoka kwa waliokwenda kumtafuta. Mimi nililijua: ilikosa grisi.

Naona haya, Rávdná. Naona haya mpaka siwezi kuandika jina lake. Kila basi ninalolipiga grisi napiga mara mbili, wenzangu wananitania. Ningekuja kukupeleka pwani mwenyewe, lakini nitaingiaje mlangoni, yeye amekaa pale na mguu ule, aniambie "karibu shemeji"?

Msomee barua hii au ichome. Uamuzi ni wako. Beringi ya sasa ni nzima, hilo naweza kukuapia, kwa sababu umeifunga wewe.

Jovnna

*

Pwani, 16 Mei 1984

Mdogo wangu mpenzi Jovnna,

Salamu kutoka kwenye hema, harufu ya bahari, na kelele za ndama. Tumefika. Alama ya baba ipo, na mwaka huu itakatwa na kisu cha nyumba yetu. Hilo nimelitanguliza ili usome yanayofuata ukiwa umekaa vizuri.

Barua yako nilimsomea Heaika mezani. Alisikiliza. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akainuka, akaenda bandani peke yake, akakaa huko muda mrefu, nami nikakaa nimeshika ukingo wa sinki. Aliporudi alikuwa na grisi kwenye mikono ya sweta. Akasema: "Huyo mtoto amechanganyikiwa. Mimi ndiye niliyemwambia aache."

Anasema ulisimama pale na bomba tupu, unahangaika, unaangalia saa, naye akakuambia, "Nenda kapande basi lako, hiyo ya kushoto nitamalizia mwenyewe." Halafu ikaja kazi ya vuli ya kukusanya kulungu, akasahau, akaja kukumbuka katikati ya ziwa. Miaka minne alikaa dirishani akiona haya kuniambia kwamba mguu wake aliupoteza kwa uvivu wake. Alidhani wewe huji kwa sababu umemdharau, kwamba wewe fundi ulimwachia kazi ya pampu tatu tu, naye akashindwa.

Jovnna, nilikasirika nikavunja sahani. Wanaume wawili mnagombania kosa moja kimya kimya miaka minne, kila mmoja kwenye dirisha lake, na mimi katikati nachemsha kahawa! Kisha nikalia. Kisha nikamkumbuka mbwa wa mchungaji na ile sili, nikacheka peke yangu, Heaika akadhani nimepatwa na wazimu. Nani kati yenu anakumbuka sawasawa sijui. Wewe unaapa ni wewe, yeye anaapa ni yeye. Mimi nimechoka kuwa hakimu.

Asubuhi ya safari nilikuwa nafunga mizigo kwenye sleji inayokokotwa na skuta. Nilipogeuka nilimkuta Heaika ameshakaa juu ya magunia, amevaa kofia yake ya pembe nne, ameshika fimbo, anaangalia mbele kana kwamba ni mimi niliyemchelewesha. Nikawasha injini. Niliogopa nikisema neno atashuka.

Siku ya tatu tulikuwa juu ya ziwa lile. Nakwenda vizuri, kulungu mbele wamenyooka, nikasikia nyuma yangu mtu anapiga sleji kwa fimbo. "Simama, Rávdná! Kushoto inalia!" Mimi sikusikia kitu. Nikasimama. Akajikokota mpaka mbele, akainama, bisibisi sikioni, nami nikazungusha mkanda. Pete ilikuwa imelegea, inacheza.

"Uliikaza kinyume," akasema.

"Nilifuata barua! Kuelekea upande shafti inakozungukia."

"Sawa. Na ulikuwa umesimama upande gani wa skuta?"

Nilikuwa nimesimama upande wa pili, nimeinama juu yake, kushoto kwangu kumekuwa kulia. Akaanza kucheka. Kicheko kile sijakisikia tangu uondoke. Tukalegeza skrubu, tukaigonga pete jinsi inavyotakiwa, tukapiga pampu tatu. Ántte, aliyekuwa njiani pamoja nasi na kundi lake, akaja mbio na kamba ya kukokotea, ameshaifungua tayari. Heaika hakumwangalia hata usoni. "Rudisha kamba yako," akasema. "Mama yako mdogo yuko kazini." Kazi ilichukua nusu saa. Nilikaa juu ya barafu ile ile iliyomla mguu, nikala nyama kavu, nikajiona sina hofu nayo tena.

Jana Ántte alipita hemani. Alizunguka zunguka, akasifu kahawa, mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama nina mrija mmoja wa grisi wa ziada, maana skuta yake nayo inasagika. Nilimpa miwili. Nilimwambia aweke mbali na mbwa.

Sasa wewe. Mwanzoni mwa Julai tunakata alama za ndama, na mikono haitoshi. Omba likizo. Utashuka kituo cha basi pale darajani, kisha ni kilomita mbili na kilima kimoja mpaka hemani kwetu. Nilisema nitakuja kukuchukua na gari la mume wa Gáren, maana nao wamepiga hema huku. Heaika amekataa kabisa. Anasema shemeji yake atapokelewa naye, kwa miguu.

Andika upesi unafika siku gani. Jana alikwenda mpaka kituoni na kurudi, anasema anajaribu njia. Leo ameondoka tena.

Dada yako,
Rávdná